Pwani, Mrima, Bagamoyo: Mhadhara juu ya Majina na Mahali pa Kusimama



   Ninyi vijana mliobanana mlangoni kwa kukosa viti, ingieni, mkeka uko huku mbele. Mhadhara huu unawahusu ninyi kuliko wenye viti.

Bagamoyo sikuzaliwa. Nimefika hapa mtu mzima, nikafundisha jiografia na Kiswahili, nikakaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu imekuwa kinyume, maana mimi mgeni ndiye niliyeponywa na wenyeji. Kila nilichodhani nakijua kuhusu majina ya huku kilisahihishwa barazani, kwa upole, mara nyingi juu ya kikombe cha kahawa chungu. Nitakalosema vizuri leo nimelitoa huko. Nitakalokosea ni langu, na mnisahihishe hapa hapa.

Madhumuni yangu ni kueleza majina matatu: Pwani, Mrima na Bagamoyo. La kwanza ni la mkoa wetu, la pili lilikuwa la nchi yetu kabla ya mikoa, la tatu ni la mji wetu. Nataka tuyaulize swali moja ambalo hatulizoei. Tumezoea kuuliza, "Jina hili maana yake nini?" Leo tuulize, "Aliyelitamka kwanza alikuwa amesimama wapi, na uso wake umeelekea upande gani?" Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba ugomvi mwingi juu ya majina yetu, na hasa ugomvi juu ya jina la mji huu, unatokana na kuliruka swali hilo.

Hoja ya kwanza: jina hubeba mahali pa msemaji

Nianzie mbali kidogo, halafu nirudi nyumbani upesi.

Uingereza imegawanywa katika kaunti. Neno hilo jirani zetu wa Kenya wamelichukua, na tangu mwaka 2013 wana kaunti zao 47. Katika kaunti za Waingereza iko moja, upande wa mashariki, iitwayo Norfolk. Jina hilo asili yake ni "watu wa kaskazini". Sasa chukueni ramani. Norfolk haiko kaskazini mwa Uingereza. Mtu wa kaskazini ya kweli, kule mpakani na Scotland, akiambiwa kwamba watu wa Norfolk ndio watu wa kaskazini atashangaa. Lakini kusini yake pana kaunti nyingine, Suffolk, "watu wa kusini", na zote mbili zilikuwa ndani ya ufalme mmoja mdogo wa kale. Kwa hiyo jina lilitolewa na mtu aliyesimama katikati ya ufalme ule, akatazama huku akasema kaskazini, akatazama kule akasema kusini. Ufalme umekwisha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mahali aliposimama yule mtu pamebaki ndani ya jina.

Iko nyingine, Kent, kwenye pembe ya kusini-mashariki. Julius Caesar alipovuka kutoka Ufaransa, miaka zaidi ya 50 kabla ya Masihi, alilikuta jina hilo tayari liko. Wanaochunguza lugha za kale za kisiwa kile hulieleza kuwa ni ukingo, ukanda wa kandokando ya maji. Yaani Waingereza nao wana Mkoa wa Pwani, isipokuwa lugha iliyoutaja hivyo imezimika na wakazi wanalitamka jina bila kuisikia maana yake. Sisi lugha yetu iko hai. Tukisema "pwani" kila mtoto anaelewa. Au anadhani anaelewa, na hapo ndipo naingia katika hoja ya pili.

Hoja ya pili: Pwani ni jina la wakati

Ninyi wanafunzi, nikiwauliza pwani ni nini, mtasema ni kando ya bahari. Sawa. Lakini neno lenyewe linasema zaidi. Lina kitenzi ndani yake: kupwa. Maji hujaa, maji hupwa. Pwani ni pale panapopwa, mahali ambapo maji huondoka na kupaacha wazi, kisha hurudi. Mara mbili kwa siku ardhi ile ni nchi kavu, mara mbili ni bahari. Kwa hiyo neno linataja wakati kama linavyotaja mahali. Saa nne asubuhi ya bamvua pwani yetu ni pana, unaweza kutembea mbali sana huku ukiwa mkavu hadi magotini. Saa kumi jioni ya siku ile ile pwani imemezwa, mawimbi yako kwenye mizizi ya minazi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu.

Aliyetoa neno hili alikuwa amesimama pale pale, miguu kwenye tope, akisubiri. Labda ni mwanamke mwenye tenga anayengoja aende kuchokoa pweza. Labda ni baharia anayeogopa chombo chake kisipwelewe. Lisikilizeni hilo nalo: kupwelewa. Chombo kikikaa mpaka maji yakaondoka chini yake, kikalala ubavu kwenye mchanga, tunasema kimepwelewa. Na mtu aliyekwama katika shida hali hana njia ya kutoka, naye tunasema amepwelewa. Lugha imechukua tabia ya maji ikaifanya tabia ya maisha.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu historia yote ya mji huu imo ndani ya kupwa na kujaa. Bagamoyo haina bandari ya kina. Bahari mbele yetu ni fupi, sakafu yake imelala karibu sawa. Kwa mashua na majahazi hiyo ilikuwa neema: njoo na maji yanayojaa, kaa, maji yapwe, chombo kitulie juu ya mchanga, shusha mzigo kwa mabega, ngoja maji yarudi, ondoka. Gati la nini? Lakini meli ya chuma yenye moshi haikubali kulala ubavu. Ililazimika kutia nanga mbali na kungoja mashua ziiendee. Wajerumani walipoanza kuitawala nchi hii waliufanya mji huu makao yao makuu, kisha mwaka 1891 makao yakahamia Dar es Salaam, kwenye mlango wa bahari wenye kina, ambako meli huingia ndani kama mtu anayeingia uani kwake. Boma kubwa mnaloliona hapa lilijengwa mwaka 1897, makao makuu yakiwa yamekwisha kuhama.

Leo Pwani ni jina la mkoa, na makao makuu yake ni Kibaha, mji usio na bahari. Kisarawe nayo imo katika Mkoa wa Pwani, na haina ufuko hata wa kukausha dagaa. Mafia imo, na hiyo ni kisiwa kizima kilichozungukwa na kupwa na kujaa. Kenya nao walikuwa na Mkoa wa Pwani uliofika hadi Taita, milimani. Silaumu. Serikali ikilichukua jina hulinyoosha kufuata mipaka yake. Ninachoomba ni kwamba mwalimu anapochora mkoa huu ubaoni, awaambie watoto pia kile kitenzi kilichomo ndani ya jina.

Hoja ya tatu: Mrima ni jina la aliye baharini

Nani humu bado analitumia neno Mrima? Naona mikono minne, yote ya wazee. Miaka 150 iliyopita mngenyoosha wote.

Mrima ni nchi hii inayotazamana na Unguja na Pemba. Mipaka yake kila mtu aliisogeza kidogo: wengi walisema inaanza karibu na Vanga, kwenye mpaka wa leo wa Kenya na Tanzania, inashuka Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo, Mzizima, hadi kwenye midomo ya Rufiji. Wengine waliifikisha Kilwa. Watu wake ni Wamrima, na Kiswahili chao ni Kimrima. Lahaja hiyo ingali ipo vinywani mwenu, hata kama redio imeikwangua kidogo.

Neno lenyewe ni mlima. R na L katika lugha zetu ni ndugu wanaovaliana kanzu. Lakini mlima gani? Tokeni nje mwangalie: Bagamoyo ni tambarare. Mgeni akiambiwa yuko katika nchi iitwayo Mlima atadhani amepotezwa njia.

Ndipo swali letu linapofaa. Anayesema Mrima hakusimama hapa. Yuko chomboni, au yuko Unguja, kilomita 40 hivi ng'ambo ya mkondo, ametazama magharibi. Kwa mtu aliye usawa wa maji, nchi yoyote inainuka. Ninyi mliowahi kuja kwa mashua kutoka Unguja mnajua: hamwoni mchanga kwanza. Mnaona kitu cheusi kimejiinua juu ya maji, kisha vinakuwa vichwa vya minazi, kisha mnara wa kanisa, na mchanga huja mwisho kabisa. Na mabaharia wa upande wa Tanga na Pangani walikuwa na milima hasa ya kuongozea usukani, Usambara iliyosimama nyuma ya pwani. Mrima ni nchi kama inavyoonekana kutoka majini. Ni jina la nahodha.

Iko sehemu moja ambako neno limebaki na maana yake ya awali bila mabadiliko. Katika Kaunti ya Kwale, Kenya, kuna kilima chenye msitu kiitwacho Mrima, kinachojulikana sasa kwa madini adimu yaliyomo ardhini. Ramani hukiita Mlima Mrima, yaani Mlima Mlima. Tusicheke. Waingereza wana mito kadhaa iitwayo Avon, na *avon* katika lugha ya kale ya kisiwa chao, ambayo Wawelisi wanayo hadi leo, ni mto tu. Mgeni aliuliza, "Kile nini?" Mwenyeji akajibu, "Mto." Mgeni akaandika Mto Mto. Jina lile likaja hata kuwa jina la kaunti nzima, iliyodumu kutoka 1974 hadi 1996. Na hapa kwetu, kaskazini kidogo ya mji, Ruvu unaingia baharini, na kule Kilimanjaro kuna Ruvu mwingine unaokwenda kuwa mto Pangani. Mito miwili mbalimbali, jina moja. Mimi nashuku kwamba hapo mwanzo ruvu lilitaja mto mkubwa wowote, hadi mtu mwenye kalamu alipopita. Wasafiri Wazungu wa karne ya 19 waliuandika mto wetu Kingani, na ramani zao zikabaki na jina hilo miaka mingi wakati wenyeji wanavuka Ruvu.

Mrima kama nchi uliuawa kwa rula. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mali ya Sultani wa Zanzibar barani ni ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Mtu anayetazama kutoka chomboni hana maili 10; ana upeo wa macho. Mwaka 1888 ukanda wa huku kwetu ukakodishwa kwa kampuni ya Kijerumani, watu wa Mrima wakasimama kupigana, Abushiri bin Salim akiwa Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akiwa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikamlipa Sultani marka milioni 4, na biashara ikaisha. Tangu hapo hakuna ofisi iliyoandika Mrima kwenye bahasha. Neno limebaki kwa wazee na kwa wachunguzi wa lahaja.

Hoja ya nne: Bagamoyo ni jina la aliyetoka bara

Nimefika kwenye jambo lililowaleta wengi wenu.

Kila mtoto wa hapa amefundishwa kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo", na kwamba watumwa waliofungwa minyororo, walipoiona bahari, walijua hawatarudi, wakabwaga mioyo yao hapa. Kibao kinasema hivyo, mwongoza watalii anasema hivyo, kitabu cha shule kinasema hivyo. Wako wanaopinga, wakisema maneno hayo ni ya wapagazi waliofurahi kutua mizigo. Nimeshuhudia watu wazima wakiachana bila kuagana kwa sababu ya jina hili.

Tulipime polepole, kwanza kwa sikio. Kwa nini Baga na si Bwaga? Kwa sababu ulimi wa pwani humeza W ikiwa na haraka. Bwana tunamwita "bana" kila siku, wala hakuna anayedhani tumemsahau bwana. Bwagamoyo na Bagamoyo ni jina moja.

Pili, umbo. Hii ni amri: bwaga! Majina ya namna hii yapo mengine huku. Kusini ya Dar es Salaam kuna Gezaulole, ambalo kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Kaole, jirani zetu, wazee hulieleza kwa Kizaramo hicho hicho: kalole, nenda ukaone. Kwa hiyo nchi hii ina desturi ya kuita mahali kwa maneno ambayo mtu humwambia mwenzake. Ukisikia Bagamoyo, sikia mtu anamwambia mtu.

Tatu, kitenzi chenyewe, na hapa nawaomba subira. Kuna kutua na kuna kubwaga. Mtu anatua mtungi. Mtu anabwaga kuni. Kutua kuna adabu, mkono unashika hadi chini. Kubwaga ni kuachia kitu kianguke kwa uzito wake, na mwili unaobwaga husikia wepesi papo hapo. Nazi hubwagwa. Anayejitoa katika jambo husemwa amebwaga manyanga. Mgombea aliyeshindwa amebwagwa. Na wimbo una kibwagizo, pale sauti ya mwimbaji inapoachia mzigo na umati kuudaka. Katika matumizi yote hayo kuna kuachia. Huzuni haimo ndani ya kitenzi, furaha pia haimo. Mwenye kuachia ndiye huleta huzuni yake au furaha yake.

Nne, mahali pa kusimama. Msemaji wa jina hili ametoka bara, uso wake umeelekea mashariki. Nyuma yake kuna njia ya miezi kutoka Tabora, au zaidi kutoka Ujiji. Mbele yake kuna bahari. Misafara ya pembe za ndovu ilimalizikia hapa. Wapagazi Wanyamwezi kwa maelfu walibeba pembe begani, pamoja na wapagazi waungwana wa pwani hii. Mkataba wao uliisha hapa. Hapa walilipwa, walioga, walilala, walinunua nguo. Mpagazi mzoefu anamwambia mpya, siku ile wanapovuka Ruvu na harufu ya chumvi inafika puani: bwaga moyo, tumefika. Mimi naona hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya jina hili, na sababu yangu ni ya lugha. Jina ni la Kiswahili. Aliyelitoa alikuwa na Kiswahili. Mateka aliyekamatwa mbali na kuletwa kwa nguvu alilia kwa lugha ya mama yake, Kiswahili alikuwa hajakijua. Mpagazi wa safari ya tatu, ya tano, alikuwa nacho. Mwenyeji wa pwani alizaliwa nacho. Tena njia kuu ya kupeleka watumwa Unguja ilikuwa Kilwa Kivinje. Huku kwetu bidhaa kubwa ilikuwa pembe.

Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Namheshimu, na sijamaliza.

Kwamba Kilwa ilikuwa kubwa zaidi haimaanishi kwamba hapa hawakupita. Walipita. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika hapa mwaka 1868 walianza kazi yao na watu waliokombolewa utumwani, watoto wengi miongoni mwao, wakawajengea kijiji. Makaburi ya wale watu yako umbali wa kutembea kutoka tulipo. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1876 akakataza misafara kuwashusha pwani. Mtu hakatazi jambo lisilofanyika. Na wale waliokuja kwa minyororo wakabaki hapa, walijifunza Kiswahili. Wakazaa. Watoto wao walilikuta jina liko, wakalisikia kwa sikio lao, sikio la watu ambao mzazi wao alisimama mahali pale pale penye mpagazi, ametazama bahari ile ile, lakini hakuwa na malipo ya kupokea wala njia ya kurudi. Wakasema: hapa mama yetu alibwaga moyo. Ni nani atakayewaambia wamekosea Kiswahili? Hawakukosea. Walilisoma jina kutoka pale alipokuwa amesimama mama yao.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa katika mtihani maana ya Bagamoyo, nataka aruhusiwe kuandika zote mbili, na kueleza ni nani aliyesema kila moja. Wapagazi na mateka walitembea njia moja, wakati mwingine katika msafara mmoja.

Niongeze jambo moja ambalo hunishika kila mara. Februari 1874 msafara wa watu waliobeba maiti ulifika kwenye misheni yetu. Walikuwa Susi, Chuma na wenzao, wametembea miezi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na mzigo wao ulikuwa mwili wa David Livingstone. Huko walikotoka walikuwa wameuzika moyo wake chini ya mti. Mwili ndio waliouleta. Hapa waliubwaga mzigo wao, na hapa wengi wao waliagwa. Aprili mwaka ule alipozikwa London hawakuwapo. Watu wa dunia wanalijua jina la aliyebebwa. Hapa Bagamoyo tuwajue waliobeba.

Hoja ya tano: jina husafiri, na mahali pa kusimama husafiri nalo

Hili nitalisema kwa ufupi, ingawa lingestahili jioni nzima.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtoto wa hapa, wa Dunda. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu *Desturi za Wasuaheli*, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na hadi leo anayetaka kujua harusi, ngoma, mavazi na madeni ya Bagamoyo ya zamani huanzia hapo. Alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakasafiri kuja nyumbani. Serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika ashuke Dar es Salaam na mke Mzungu, wakarudishwa Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo. Mtu huyu hakuwa mtumwa wala mpagazi. Lakini wazeni jina la mji wake lilivyosikika kinywani mwake, akilisema peke yake katika baridi ya kule. Hiyo ni maana ya tatu, na haimo katika kibao chochote.

Na nendeni Maputo. Karibu na bandari, si mbali na stesheni ya reli, upo mtaa wa Bagamoyo. Wakati wa Wareno uliitwa mtaa wa Araújo, na ulikuwa na sifa ya vilabu vya usiku. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975 jina likabadilishwa. Kwa nini Bagamoyo? Kwa sababu FRELIMO ilikuwa na shule yake ya sekondari hapa, katika mji wenu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vijana wa Msumbiji walisoma hesabu na siasa chini ya minazi hii wakingoja nchi yao. Kwao Bagamoyo ni jina la mahali ulipochukua moyo, ukaenda nao nyumbani. Wazee mliowaona wale vijana wakicheza mpira hapa, ninyi ni mashahidi, na nawaomba msife na ushahidi huo.

Hoja ya sita: majina madogo yanakufa mbele yetu

Pwani na Bagamoyo hayatapotea, serikali inayalinda. Ninayoyaogopea ni yale yasiyo na ofisi.

Kule Msasani, Dar es Salaam, husimuliwa kwamba jina limetokana na mtu, Musa Hassan. Huenda. Lakini msasa ni mti, majani yake hukwaruza, mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani. Na mahali penye msasa ni msasani, kama penye mikoche ni Mikocheni. Leo huoni msasa pale, kwa hiyo hadithi ya Musa imebaki bila mpinzani. Mti ukikatwa, maana ya jina hukosa shahidi. Mzizima, kijiji kilichokuwapo kabla ya Sultani Majid kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, lina ubaridi ndani yake, kuzizima. Ni jina la mtu aliyesimama kivulini. Mlingotini, hapo jirani, lina mlingoti wa chombo. Kaole penyewe, pale kwenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo aliyoyachimbua Neville Chittick mwaka 1958, mikoko imejaa mbele ya mji, na anayeambiwa "nenda ukaone" leo haoni bahari ambayo watu wa kale waliiona.

Sasa barabara ya lami imetufungulia wapimaji viwanja. Kiwanja kina namba, kitalu kina herufi. Mradi wa bandari kubwa uliotiwa saini mwaka 2013 ulipangiwa upande wa Mbegani, kisha ukasimamishwa mwaka 2019. Ukijengwa, utaleta ramani mpya kabisa. Siyapingi maendeleo hayo, wajukuu wetu wanataka kazi. Lakini baharini huko mbele yetu kila fungu la mchanga lina jina, kila mkondo, kila mwamba unaojitokeza maji yakipwa, na majina hayo yako vichwani mwa manahodha ambao wengi wamevuka miaka 70. Kifaa cha setilaiti kinamwonyesha kijana njia bila kumwambia fungu linaitwaje, wala nani alipwelewa pale hadi likapewa jina lake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekaribia mwisho wa muda wangu, na nina ombi badala ya hitimisho. Nimezungumza na walimu watatu na manahodha wawili, wote wamo humu ndani, sitawataja kwa kuwa wameniomba nisiwataje. Tumekubaliana kuanza daftari moja la majina ya pwani hii, kutoka mdomo wa Ruvu hadi Mbegani kwanza, kisha tukijaliwa, kaskazini hadi Saadani na kusini hadi Kunduchi. Kila jina litaandikwa kama linavyotamkwa na mwenyewe, pamoja na nani alilisema na alikuwa amesimama wapi: chomboni, ufukweni au njiani kutoka shamba. Jina likiwa na maelezo mawili, tutaandika mawili. Likiwa na matusi ndani yake, na mengine yanayo, tutaliandika hivyo hivyo. Nakala moja itakaa shuleni, moja msikitini, moja misheni.

Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo kesho ni bamvua. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamepwa kabisa, na mafungu ya karibu yatakuwa wazi kwa muda wa kutosha kuyafikia kwa miguu na kurudi. Tunakutana soko la samaki saa mbili na nusu. Njooni na daftari, kalamu mbili na maji ya kunywa. Kandambili hazifai, miamba ni mikali. Wazee watakaochoka kutembea tutawawekea mashua, na wao ndio tutakaowauliza kwanza.